Wino Juu ya Penseli Yako

Wangari,

Katika miaka yote uliyokaa nyumbani kwangu sikuwahi kukuita kwa jina lako. Baba mkwe hamwiti hivyo mke wa mwanawe. Nilikuita Mama Kariuki, maana mtoto wako wa kwanza alipewa jina langu kama desturi yetu ilivyo, nawe ukaniita Baba. Leo naomba uniruhusu niseme Wangari. Haya ninayokuletea siwezi kuyasema nikiwa bado ni Baba.

Nimekaa kwenye meza ya jikoni, upande wa dirisha. Daktari anasema moyo umechoka na figo zimeanza kuufuata. Hakunitajia ni miezi mingapi. Mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita sikumwuliza. Kinachonisumbua zaidi ni mkono wa kulia. Hautetemeki kama mikono ya wazee wenzangu kanisani, inayoruka juu chini ikimwaga chai. Wangu unakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, juu ya meza, hata nikiwa nimesinzia kwenye kiti. Daktari anasema ni neva. Mimi nimeutazama kwa muda mrefu, najua unachofanya. Unafuta.

Kwa hiyo naandika polepole, nikiushika kifundo kwa mkono wa kushoto, kurasa chache tu kwa siku. Nilianza Jumatatu. Naandika kwa penseli, na utajua kwa nini.

Imekuwa miaka minne tangu tukuzike. Hapa Lanet hungepajua tena. Shamba la jirani limekuwa fleti za ghorofa tano, na nguo za watu nisiowajua zinaning'inia juu ya pale ulipokuwa ukikata majani ya nepia ya ng'ombe. Ng'ombe wako wa mwisho alichukuliwa na dada yako. Mburu, mume wako, bado yuko Mombasa, hunipigia simu Jumapili na kuniuliza kama nimekula. Kipimajoto chako cha maziwa kiko palepale kwenye msumari kando ya mlango. Hakuna anayekigusa. Kila asubuhi nakisoma kwa sauti: kumi na tisa, ishirini na moja. Kisha nangoja kidogo, kama kuna mtu wa kuandika.

Nawe unakuja. Unakuja saa nne asubuhi, saa yetu ya chai. Kwanza nasikia mfuniko wa mkebe wa maziwa ukigonga, halafu harufu ya mala inaingia, katika nyumba ambayo haijagandisha maziwa kwa miaka minne. Kisha unasimama mlangoni, umeshika bahasha ya kaki kifuani. Nilimwambia mchungaji. Akaomba, akanywa vikombe viwili, akanishika bega, akaenda zake. Kesho yake saa nne mfuniko ukagonga.

Sikuogopi, Wangari. Naogopa ile bahasha.

Unakumbuka sheria yangu ya fomu. Lanet nzima iliijua. Mtu akiwa na fomu ya kitambulisho, ya basari, ya pasipoti, alikuja kwa Mwalimu Kariuki. Aliijaza kwanza kwa penseli, polepole, akiwa kwake. Mimi nikaipitia kwa wino, herufi juu ya herufi, kisha nikafuta penseli iliyobaki. Kwanza wino, halafu kifutio. Fomu iliyopita mikononi mwangu haikurudishwa hata siku moja. Watu walisema mkono wangu una bahati, nami niliwaacha waseme.

Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ulikuwa ukifundisha sayansi darasa la sita, na ukirudi nyumbani unavua viatu vya shule na kuingia kwa ng'ombe. Mala yako ilikuwa nzito, haikuchacha haraka, na ulijua kwa nini. Ulikuwa na daftari la kifuniko cha bluu. Joto la maziwa yakikamuliwa, joto yakichemka, saa ngapi yaliganda, siku ya mvua, siku ya jua. Walimu wenzako walikuita Profesa wa Maziwa, na ukawajibu, "Chekeni tu, lakini vikombe mrudishe vikiwa safi."

Ndipo ukaamua kwenda chuo kikuu. Kariuki mdogo alikuwa na miaka minne, Wairimu mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya. Majuma matatu ulikaa kwenye meza hii na kijitabu cha kozi, mtoto kifuani, ukinisomea kwa sauti.

"Baba, hii ya misitu? Nikachunge miti na watoto mgongoni?"

"Hii ya falsafa je? Nifikirie nini, na nguo hazijafuliwa?"

Nilicheka mpaka machozi. Nyumba hii haikuwa imesikia kicheko tangu mke wangu afariki. Lakini kila mara kidole chako kilirudi ukurasa uleule: sayansi na teknolojia ya maziwa. Ulipofika hapo hukutania. Ulisoma orodha ya masomo kama mtu anayesoma majina ya watu wa ukoo wake.

Ugumu ulikuwa watoto. Kozi ya maziwa ilikuwa ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, miaka minne, na chuo kiko ng'ambo ya mji. Shahada ya ualimu ingesomwa shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, na siku nyingine zote uko nyumbani. Kila mtu alikwambia uchukue ualimu. Ulisema, "Sitaki kuzeeka na chaki, Baba." Ulilisema ukitabasamu, ukininyooshea kikombe cha chai, wala hukujua kilichonichoma. Mimi nilizeeka na chaki. Ilikuwa bado kwenye makunyanzi ya vidole vyangu.

Ukachora ratiba nyuma ya kalenda, nani atakaa na watoto saa ngapi. Mama mmoja wa kanisani Jumatatu na Jumatano. Dada yako Ijumaa. Jumanne na Alhamisi uliandika "Baba", kisha ukaniangalia.

"Jumanne na Alhamisi utaweza?"

Nikasema, "Tutaona."

Wewe ulilichukua kuwa ndiyo, kwa sababu sikuwa nimewahi kukuangusha.

Fomu ilikuwa na nafasi ya kozi tatu. Ulizijaza kwa penseli. Namba moja, teknolojia ya maziwa. Namba mbili, sayansi ya chakula. Namba tatu, ualimu, "ili wasiseme nimeringa." Kisha watoto wakashikwa na tetekuwanga, wote wawili kwa mpigo, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa kesho yake. Ulinipa bahasha ya kaki ukiwa na mtoto mmoja begani na mwingine akikuvuta sketi.

"Baba, pitia na wino, halafu uipeleke mwenyewe. Nakuamini kuliko posta."

Nilikaa hapa, kwenye kiti hiki. Nilijaza jina lako kwa wino. Nilijaza tarehe yako ya kuzaliwa, shule ulizosoma, cheti chako cha ualimu. Nilipofika kwenye zile kozi tatu niliweka kalamu chini, nikachukua kifutio.

Nilifuta kwanza, Wangari. Kwa kila fomu ya kila mtu katika maisha yangu nilianza na wino. Yako nilianza kwa kufuta. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: namba moja, ualimu. Yale maziwa niliyaweka namba tatu. Nilipuliza makombo ya kifutio kwenye kiganja nikayatupa nje kwa dirisha hili. Asubuhi nikapanda gari, nikakabidhi fomu kwa karani, akaitazama akasema, "Mzee, mwandiko kama wa kuchapa!" Nikamshukuru.

Barua ilipokuja ulikuwa umetoka kukamua. Ulipangusa mikono kwenye aproni, ukaisoma ukiwa umesimama palepale unaposimama siku hizi.

"Wameniteremsha mpaka namba tatu, Baba."

Nilisema nini? Nilisema ualimu ni kazi ya heshima.

Ulikunja barua. "Pengine wameona kitu ambacho mimi sikioni," ulisema. Kisha ukaniuliza kama niongezewe chai. Ukaongeza. Ukamfunga Wairimu mgongoni, ukaenda kuosha mikebe, na kipimajoto ukakitundika kwenye msumari. Daftari la bluu linaishia asubuhi ile. Maziwa ya alfajiri yameandikwa, ya jioni hayapo.

Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Miaka mingi nilijiambia hivyo, na ni hoja nzuri, hata wewe ungeikubali. Wadogo vile, mama yao kushinda nje kila siku? Lakini Aprili ya kwanza ulipokwenda chuoni kwa majuma matatu, ulituachia watoto wote wawili, mimi na msichana wa kazi ambaye alitoroka siku ya nne. Niliwapikia uji. Niliwaosha. Nilimbeba Wairimu mgongoni kwa leso yako, mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nikapita naye mpaka dukani, na vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Mathe mpya huyo!" Wala sikuona aibu. Uliporudi uliwakuta wamenenepa. Ukasema, "Kumbe Baba unaweza!"

Kumbe ningeweza. Jumanne na Alhamisi. Ningeweza siku zote tano.

Basi haikuwa watoto. Ilikuwa ile chaki, ndiyo, kidogo. Lakini chini kabisa ilikuwa kitu cha aibu zaidi, na ndicho sijakitamka mbele ya mtu. Mke wangu alipofariki, saa nne asubuhi ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Maji yanachemka na hakuna mtu wa kumiminia. Ulipokuja, wakati shule zimefungwa na hata siku za shule ulipokimbia nyumbani mapumziko ya saa nne kumnyonyesha mtoto, ulinimiminia chai. Shule yako ilikuwa ukivuka barabara tu. Chuo kilikuwa mbali. Nilibadilisha maisha yako ili mzee asinywe chai peke yake.

Ulihitimu. Nilichinja mbuzi. Ukasimama mbele ya watu na gauni lile jeusi, ukasema, "Namshukuru Baba. Ndiye aliyeandika fomu yangu kwa mkono wake mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Nami nilikula nyama ile, Wangari. Nilikula, nikaongeza.

Ulikuwa mwalimu mzuri. Wanafunzi wako bado wananitembelea hapa, watu wazima na ndevu zao, wananishika mkono huu wakisema bila Mwalimu Wangari wasingekuwa watu. Nawakaribisha kiti. Siwezi hata kusema ualimu ule ulikuwa hasara, na hilo ndilo linalonichanganya. Lakini tangu siku ile ulikuwa ukisema neno moja kila jambo la akili likitajwa. Mtoto akishindwa na hesabu, redio ikizungumza juu ya dawa mpya, jirani akiuliza kwa nini maziwa yake yanakatika. Ulisema, "Hayo ni ya wenye vichwa." Na wewe ulikuwa unajua jibu! Nilikuona ukilijua, ukilimeza.

Kisha hospitali. Kansa ilikuwa imefika kwenye ini, ulikuwa mwepesi kuliko leso. Nilikuja na uji wa wimbi kwenye chupa. Ulikunywa vijiko vitatu, ukanitazama, ukaniuliza kwa ile sauti iliyobaki:

"Baba, unafikiri niliandika nini vibaya kwenye ile fomu?"

Miaka ishirini na zaidi, na ulikuwa bado unatafuta kosa lako.

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Neno moja tu. Nikasema, "Wakati ule nafasi zilikuwa chache." Ukatikisa kichwa kukubali. Ulikufa Ijumaa.

Ningeenda nalo kaburini, nakuambia kweli. Nilikuwa nimeshapanga hivyo. Lakini Jumamosi iliyopita Wairimu alikuja. Binti yako ana miaka ishirini na saba sasa, ameajiriwa duka la dawa za mifugo pale Bondeni, na wafugaji wanamwita daktari hata akiwakataza. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine ananyonya. Ndiyo. Kama wewe vile. Kwa kuwa ana jina la mke wangu, mimi humwita bibi yangu, naye akifika getini hupiga kelele, "Mume wangu yuko wapi, amelala tena?"

Alikaa kwenye kiti chako, mtoto kifuani, simu mkononi.

"Guka, babu yangu, siku hizi fomu ni za simu. Lakini wewe ndiye utabonyeza. Mkono wako uko na bahati."

Nikamwuliza anachagua nini.

"Namba moja ualimu. Hii ya afya ya wanyama ndiyo naipenda, lakini wacha nisijidanganye. Kama mama na ule ukali wake wa akili walimteremsha mpaka namba tatu, mimi ni nani? Sayansi si ya watu wa kwetu, Guka." Akacheka, kicheko chako chenyewe. "Inafungwa Ijumaa. Utanibonyezea?"

Mkono wangu ukaanza, mbele na nyuma, juu ya meza. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Tutaona."

Neno lilelile.

Alipoondoka nilikaa mpaka chai ikaota ngozi. Kisha nikaanza kutafuta daftari la bluu. Lilinichukua siku nne kwa miguu hii. Lilikuwa kwenye sanduku lako la mbao, chini ya vitambaa vya kufunikia viti. Kwenye ukurasa wa mwisho ulikuwa umefanya mazoezi ya kuandika zile kozi tatu kabla ya kuzijaza kwenye fomu. Kwa penseli. Namba moja umeiandika mara tano, mpaka ikanyooka.

Jumatano nikampigia Wairimu. Nikamwambia, "Njoo kesho saa nne. Usibonyeze kitu."

Niliacha kuandika hapo. Sasa ni Jumamosi, naendelea.

Alikuja Alhamisi, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejitayarisha kusema. Badala yake nikampa daftari, nikampa na karatasi hizi, mpaka pale zilipofikia. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni. Mwanzoni nilidhani ni wewe. Nilisikia mfuniko ukigonga, nikasikia na kurasa zikigeuzwa, na sikujua ni yupi kati yenu anayesoma.

Alipomaliza hakulia. Alisema, "Mama alikufa akijua yeye ni mjinga."

Kisha akasema, "Na alikuuliza. Mimi nilikuwa hapo hospitali, nimeshika kikombe. Alikuuliza, Guka."

Akarudisha karatasi zangu mezani. Daftari akalitia kwenye mkoba. Akanyoosha mkono, akatoa kipimajoto kwenye msumari, akakifunga ndani ya nepi safi ya mtoto, akatoka. Chai niliyokuwa nimemmiminia hakuigusa. Hakuniita mume wake. Geti hakulifunga, likabaki likipigwapigwa na upepo mpaka kijana wa fleti akaja kulifunga.

Jana alasiri simu ililia. Hakunisalimu.

"Nimeandika mwenyewe. Namba moja nimeweka afya ya wanyama, namba mbili nimeweka maziwa. Ya tatu nimeiacha."

Nikasema, "Asante, mama."

"Usiniambie asante. Sijakusamehe." Nilimsikia akivuta pumzi, mtoto akilia nyuma yake. "Na usikufe kabla chuo hakijafunguliwa Septemba, Guka. Bado sijamalizana na wewe." Akakata.

Hatujui kama watamchukua. Wakimkataa, safari hii itakuwa ni wao waliomkataa, na atajua aliandika nini.

Leo asubuhi nilisoma msumari mtupu. Saa nne mfuniko ukagonga kama kawaida. Nilikuwa nimetumaini hautagonga. Mzee hujipa matumaini ya kitoto. Ukasimama mlangoni. Mikono yako ilikuwa chini, bila bahasha. Ulinitazama tu. Nilimimina vikombe viwili, nikasukuma kimoja upande wako, nikanywa changu. Mkono ulikuwa bado unakwenda mbele na nyuma.

Lala, Wangari. Lala, mwanasayansi wa nyumba hii. Karatasi hizi sitazipitia kwa wino, na nimemwachia Wairimu neno kwamba aziweke kaburini pamoja nami jinsi zilivyo, na makosa yake yote. Nitajitahidi kufika Septemba, kwa kuwa ameniamuru. Halafu nitakuja huko. Nakuahidi jambo moja: hutahitaji kuniuliza tena. Nikikuona tu, hata kabla ya kukusalimu, nitasema ni mimi.

Kariuki